Namna ya Kuchagua Lenzi ya Zumu ya Matumizi Mengi kwa Bei Nafuu

Kabla ya kuuliza bei, hakikisha kwamba lenzi inaingiana na kamera yako, kwa kuwa si kila lenzi hushika kila kamera. Kwa sensa ya APS-C (kipokea mwanga cha kamera kilicho kidogo kuliko cha fremu kamili), lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 135 (namba ndogo huonyesha eneo pana, kubwa huvuta cha mbali karibu) hutosha kupiga mandhari na hata sura ya mtu aliye mbali kidogo. Ile ya 18 hadi 300 hushawishi, lakini mara nyingi hupunguza ukali wa picha, nami singemshauri anayeanza aichukue. Ikiwa lenzi unayoitaka imekwisha kutumika, imulike kwa tochi na uchungulie ndani: nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui ni kuvu, na hapo usiinunue hata ukipunguziwa. Zungusha pete ya zumu polepole. Ikikwaruza, huenda mchanga umeingia.