Vinili juu ya sakafu ya simiti: maandalizi kwa nyumba za Mombasa

Boksi la vinili, yaani vipande vya plastiki vya kutandika sakafuni, likiandikwa kwamba haiharibiwi na maji, hayo ni maji yanayomwagika juu. Unyevu unaopanda kutoka chini ni shughuli nyingine, na pwani ndio wa kuogopa. Nyumba za zamani mara nyingi zilimwagwa zege bila nailoni chini yake. Kwa macho sakafu ni kavu, kwa sababu unyevu hutoka kidogo kidogo ukapeperushwa na hewa. Ukishaufunika hauna pa kutokea: gundi inalainika, ukungu unaota na chumba kinaanza kunuka.

Kwa hivyo pima kwanza. Kata nailoni nzito, sentimita 45 kwa 45, uibandike kwa seloteipu pana pande zote nne bila kuacha upenyo. Iache saa 16 au zaidi. Siku nzima ni bora. Weka vipande vitatu: katikati ya chumba, kando ya ukuta wa nje, na karibu na mlango wa choo. Pasiwe mahali panapopigwa na jua. Ukibandua ukakuta matone, au zege limekoza rangi kuliko la pembeni, simamisha kazi. Ukikuta pakavu, ujue nailoni husoma unyevu wa juu juu tu. Kwa zege jipya toboa tundu utumbukize kipima unyevu. Zege la milimita 100 hutobolewa milimita 40. Linganisha na kikomo cha kiwanda, ambacho aghalabu ni kati ya asilimia 75 na 85 za unyevu wa hewa ndani ya tundu.

Zile siku 28 zinazotajwa kwa zege jipya ni za kupata nguvu, si za kukauka. Kadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na masika yakiingia ongeza.

Unyevu ukizidi, tafuta chanzo kabla ya kununua dawa: bomba linalovuja, au maji ya mvua yanayotuama nje ya ukuta. Kisha ndipo upake epoksi ya kuzuia unyevu, mikono miwili, wa pili ukikata njia ya wa kwanza.

Ungaunga mweupe juu ya zege ni chumvi. Usugue kwa brashi ya waya ungali mkavu, ufagie. Usiuoshe, maana maji huiyeyusha chumvi ikazama tena. Ikirudi baada ya wiki, unyevu bado unapanda.

Sakafu nyekundu ya polishi ina nta, na hakuna kinachoshika juu ya nta. Dondosha maji: yakikaa kama shanga bila kunyonywa, piga grainda yenye kikombe cha almasi hadi zege lenyewe lionekane. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini; vumbi la zege huharibu mapafu.

Sasa lalisha rula ya aluminiamu ya mita 3 kila upande. Mwanya chini yake usizidi milimita 5, la sivyo vinili itabonyea ukikanyaga na ndimi zake za kushikanisha vipande zitakatika. Vilima visage, mabonde yajaze kwa simiti ya kujisawazisha, ile inayomwagwa ikiwa majimaji ikajitandaza yenyewe. Ufa ambao upande mmoja umepanda kuliko mwenzake usiuzibe tu. Zege linatembea, mwite mhandisi.

Simiti hiyo ya kujisawazisha huliwa takriban kilo 1.7 kwa mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Chumba cha mita 12 za mraba kwa milimita 3 ni kilo 61: mifuko mitatu ya kilo 20 haitoshi, nunua minne. Paka praima kwanza, kwani zege kavu hunyonya maji ya mchanganyiko, likaacha vitundu na kubanduka. Maji yapimwe kama mfuko unavyosema; yakizidi, uso unakuwa kama chaki. Mwaga asubuhi mapema na ufunge madirisha, upepo wa bahari usije ukaikausha kwa pupa ikapasuka.

Wakati inakauka, laza maboksi ya vinili chumbani saa 48, na uhakikishe milango bado itafunguka sakafu ikipanda.