Mtaalamu akija kufundisha viongozi wa mazingira: jinsi ya kumpanga ili watu watoke na kitu

Nimepanga mafunzo ya uongozi wa mazingira miaka kadhaa sasa, na kitu kilichonisumbua kuliko vyote sio ukumbi wala hela, ni wataalamu. Sio kwamba ni wabaya, hapana, ni watu wanaojua sana na hapo ndo shida inapoanzia, mtu amesomea maji miaka ishirini unampa saa moja na nusu anataka kumwaga yote. Kuna mmoja alikuja na slaidi tisini na kitu, kemia ya maji mwanzo mwisho. Alipomaliza dada mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Sawa mwalimu, sasa kiwanda kikimwaga uchafu kesho asubuhi mi naanzia wapi?" Kimya. Hakuwa na jibu, na kosa lilikuwa langu mimi niliyemwalika, sikumwambia anakuja kufundisha akina nani.

Kwahiyo anzia hapo. Kabla hujampigia mtaalamu yeyote, andika swali moja ambalo mshiriki ataweza kulijibu akitoka kwenye kipindi chake. Swali, sio mada. "Uchafuzi wa maji" ni mada. "Nitajuaje huu mto umeharibika, na nimwambie nani kwanza?" hilo ndo swali. Mtumie, alafu mtumie na maelezo ya washiriki, wako wangapi, wanafanya kazi gani, huko kwao wanavutana na nani kuhusu mazingira, kisha mpigie simu muongee, usiishie kwenye imeili. Kwenye simu muombe akueleze hilo swali atalijibu vipi. Akianza kukutajia slaidi, mrudishe taratibu kwenye swali.

Kuhusu nani umwalike: usijaze wanasayansi watupu. Unamhitaji anayejua maji au msitu, ndio, ila unamhitaji pia mtu wa sheria anayeweza kuwaonyesha watu ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inasomwaje na pingamizi linaandikwaje, na mtu aliyewahi kuongoza watu kwenye jambo gumu likafeli. Huyo wa mwisho watu wengi wanamsahau. Na usidhani mtaalamu lazima awe na digrii. Wangari Maathai alikuwa na shahada ya uzamivu kabisa, lakini harakati ya miti aliyoianzisha 1977 ilisambaa kwasababu wanawake wa vijijini walijifunza kuotesha miche wenyewe na wakafundishana wao kwa wao. Mzee aliyechunga msitu maisha yake yote mpe kipindi kamili, na umlipe sawa na profesa, hili mimi silegezi.

Sasa kipindi chenyewe. Dakika ishirini za kuongea zinatosha, zinazobaki ni za mikono. Kama kuna maji karibu toka nje, na mtaalamu aje na vifaa vichache ambavyo watu wanaweza kuvitengeneza wenyewe. Kwenye ziwa au bwawa mimi napenda ile diski ya Secchi, ya kupimia maji ni maangavu kiasi gani, padre Angelo Secchi aliijaribu baharini mwaka 1865 na mpaka leo inatumika. Ni sahani ya duara, ya maziwani huwa na upana wa sentimita 20, imegawanywa robo nne nyeupe na nyeusi, ina uzito chini na kamba yenye alama. Unaishusha taratibu upande wenye kivuli mpaka isionekane, unasoma alama, unaipandisha mpaka ionekane tena, unasoma, unachukua wastani, basi. Mwambie mtaalamu asishike kamba yeye. Washiriki washike, wabishane kama bado inaonekana au haionekani, maana kwenye yale mabishano ndo wanaelewa kwamba kipimo kinahitaji watu wakubaliane namna ya kupima, na siku wakipeleka namba zao ofisini mtu atawauliza hilohilo.

Kwenye mto usiokwenda kasi, geuza mawe. Ukikuta vibuu wadogo wenye mikia mitatu myembamba kama nyuzi, na wako wengi wamechanganyika na wadudu wa aina nyingine, kwa kawaida hayo maji yana oksijeni ya kutosha. Ukikuta wale vibuu wekundu kama uzi watupu, yaani hakuna kingine, hapo oksijeni huenda imeshuka, wale wana uwezo wa kuvumilia. Mtaalamu aeleze na sababu, kwamba maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na kwamba uchafu unapooza bakteria wanaitumia ileile inayohitajiwa na samaki. Aseme pia kwamba siku moja ya kugeuza mawe haithibitishi kitu mahakamani. Mtaalamu anayesema wazi "hiki hakitoshi" anawafundisha viongozi uaminifu kuliko hotuba yoyote.

Mchana, jua likiwa kali na watu wameshiba, usiweke mhadhara kabisa. Weka kisa. Kinachonifanyia kazi kila mara ni cha Minamata, Japani. 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ukaripotiwa, baadae ikajulikana ni zebaki kutoka kiwanda cha Chisso iliyoingia kwenye samaki. Gawa watu makundi, wavuvi, wafanyakazi wa kiwanda, viongozi wa mji, na kundi moja liwe daktari wa hospitali ya kiwanda. Wape karatasi yenye yale tu yaliyojulikana hadi 1959 na dakika arobaini waamue. Mtaalamu akae pembeni, asichangie hata neno, na hii ni ngumu kwao kweli, wengine inabidi ukae nao ubavuni.

Wakishaamua, ndo asimulie. Kwamba daktari Hosokawa, yule wa hospitali ya kiwanda, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda, paka akaugua dalili zilezile, kampuni ikamzuia kuendelea na matokeo hayakutangazwa, majitaka yenye zebaki yakaendelea kumwagwa mpaka 1968, na yeye akatoa ushahidi 1970 akiwa mgonjwa kitandani. Nimeona ukumbi mzima ukinyamaza hapo. Usikimbilie kuwahoji, waache kidogo, alafu waulize kila mmoja aandike: ungekuwa wewe 1959, ungemwambia nani, na ungehitaji nani nyuma yako?

Mambo madogo ila yanaharibu: slaidi uzipate siku tatu kabla, mkalimani apewe maneno magumu mapema, na mtaalamu asije akaondoka dakika ileile aliyomaliza, muombe abaki kwenye chakula kwasababu yale maswali ya aibu watu wanayauliza wakiwa wamekaa na sahani. Malipo yake mkubaliane kwa maandishi kabla.

Tathmini usiulize "mmefurahia kipindi?" Wote wataandika ndio. Chukua lile swali uliloanza nalo, wape karatasi tupu walijibu bila kuangalia notsi. Baada ya mwezi wapigie watano sita, waulize wamefanya nini, na majibu yao yote, hata yale ya "sijafanya kitu, mwenyekiti alinikatalia", mtumie mtaalamu kama yalivyo kabla hujamwalika tena.