SOMO: Kujaza chumba ulichomaliza kuchimba chini ya duara (shimo la mgodi)

Wakuu, wiki hii watu wanne wameniuliza kitu kilekile. Naandika mara moja, kwa ajili yetu tunaofuata mkanda wa mwamba wenye dhahabu chini ya ardhi huku Nzega.

Hatua 1. Gonga dari kwa mtaimbo. Panapolia kama ngoma pamelegea, angusha.

Hatua 2. Mawe yasiyo na dhahabu yabaki chini. Mita moja ya ujazo ya mwamba ikivunjwa hufika kama moja na nusu, hivyo hutakosa cha kujazia.

Hatua 3. Ukuta wa kuzuia. Hapa ndipo nilipokosea. Tulipanga viroba vya mchanga mlangoni, tukashusha marudio (mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu) yenye maji kutwa nzima bila kuacha njia ya maji kutoka. Jioni viroba vya chini vilianza kutoa jasho, kisha vikatuna. Nikapiga kelele watu wapande. Ukuta ukapasuka kijana wa mwisho akiwa kwenye ngazi, tope likamfika kifuani, tukamvuta kwa kamba. Maji ya kina cha mita 3 husukuma sehemu ya chini ya ukuta kwa karibu tani 3 kila mita ya mraba, na tope husukuma zaidi. Kwa hiyo pitisha ukutani mabomba yaliyotobolewa, yafunge kwa gunia la katani. Mwaga nusu mita, subiri maji yatoke, ndipo uongeze. ASIKAE MTU mbele ya ukuta wakati wa kumwaga.

Hatua 4. Ukitaka kuchimba pembeni baadaye, changanya saruji: mfuko wa kilo 50 kwa tani moja ya mchanga mkavu. Jaza kopo moja la mfano, likae siku 28, kisha liponde uone ugumu wake.

Hatua 5. Jaza mpaka ushike dari.

MASWALI

Duara6: Bomba ni lazima?
— Hatua ya 3. Soma yote.

Duara6: Mbona jirani haweki na yuko salama?
— Nimekwambia nilichokiona kwa macho yangu. Sirudii.

MamaKarasha: Kaka, marudio yangu yana zebaki. Yanafaa?
— Hapana, dada, na umefanya vyema kuuliza. Maji yanayochuja humo yanaweza kufika visimani. Tumia mawe masafi.

Kijana_Igunga: Kule mgodi mkubwa wa Bulyanhulu wanajaza uji wa mabaki na saruji. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?
— Safi sana, mdogo wangu. Ule uji ni mzito, hautoi maji mengi, na unahitaji vumbi laini ili upite bombani bila kutengana. Sisi tunamwaga mchanga wa maji mengi, vumbi hilohilo huziba maji yasitoke. Ndiyo maana tunaosha mchanga kwanza ili vumbi litoke.

Mzee_Urambo: Viroba vya mbolea ya tumbaku vinafaa?
— Vinafaa, mzee wangu, vikiwa vimehifadhiwa ndani. Vilivyokaa juani vinakatika vidoleni kama majani makavu. Vuta kila kimoja kabla ya kujaza mchanga.