Vile utasimulia watoto hadithi za Kroatia hadi mtoke na kitabu chenu cha picha

Subiri stima zipotee. Hapa Umoja haichukuangi siku nyingi, na zikikataa kupotea zima taa mwenyewe, washa jiko la makaa uliweke pale mlangoni, mlango na dirisha ziwe wazi kabisa juu moshi wa makaa umeua watu wengi hii Nairobi, keti na watoto hatua mbili nyuma halafu ngoja lianze kurusha cheche. Usianze hadithi kabla ya cheche. Ukifika pale kati utaona kwa nini.

Hadithi ya kuanza nayo ni Msitu wa Stribor. Iko kwa kitabu kinaitwa Priče iz davnine, yaani hadithi za tangu zamani, kilitoka mwaka wa 1916 kule Zagreb na mwandishi ni mama mmoja Mkroatia anaitwa Ivana Brlić-Mažuranić, mzaliwa wa Ogulin, mwaka wa 1874, baadaye akapendekezwa kwa tuzo ya Nobel mara nne. Kuna barua alimwandikia kijana wake akimweleza hadithi ilimjia aje. Ilikuwa usiku wa baridi, nyumba imenyamaza, akasikia kama mtu anabisha, akauliza nani huyo, kimya, halafu kuni ikapasuka kwa moto na cheche zikamrukia kama kundi la nyota ndogo, akanyoosha mikono azishike zikapotea juu. Siku hizo alikuwa akisoma kitabu cha Mrusi mmoja, Afanasyev, kuhusu imani za kale za Waslavi, yaani mababu wa Wakroatia na majirani zao, na hapo hapo akaona zile cheche ni watu. Hiyo tu. Hadithi yote imetoka kwa moto wa nyumbani, ndio maana nakwambia washa jiko.

Kitu kimoja uelewe mapema usije ukawadanganya watoto: hizi sio ngano zilizookotwa vijijini. Majina ndio ya kale, Stribor ametolewa kwa Stribog ambaye Waslavi wa zamani walimhusisha na upepo, Svarožić naye ni wa moto na jua, lakini visa vyenyewe mama Ivana alivitunga. Mimi huwa nawaambia watoto hivyo waziwazi, majina ni ya mababu na hadithi ni ya mama mmoja, na utaona wenye wanapenda kutunga wameketi wima.

Sasa pata maandishi. Kuna tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa London mwaka wa 1922, ni ya zamani hivyo utaipata bure kwa intaneti, daunilodi kwa simu. Isome mara mbili ukiwa peke yako, hata kwa matatu ni sawa, halafu weka simu mbali. Usisomee watoto kutoka kwa simu, tafadhali. Kile Kiingereza ni cha zamani, utakuwa unasimama kila sentensi kutafuta neno na watoto watakuwa washaanza kupigana. Simulia kwa mdomo wako. Anza na paukwa, wakuitikie pakawa, ingia.

Kisa chenyewe kwa ufupi: kijana anaingia msituni kutafuta kuni siku ya baridi, hajui msitu umerogwa, na utabaki hivyo mpaka aingie mtu anayependa taabu yake kuliko raha zote za dunia. Anakutana na nyoka, nyoka anageuka msichana mrembo, kila kitu cha binadamu isipokuwa ulimi. Anamwoa. Mama mtu anauona ule ulimi, anamwambia kijana wake, kijana anamkasirikia mama. Hapo mke anaanza kumtesa mama mkwe, mara panda mlimani uniletee theluji ninawe, mara nenda ziwa lililoganda uniletee samaki. Na huyo mama hataki kumlilia Mungu, eti Mungu asije akajua kijana wake ni mbaya. Simama hapo. Rudia hiyo sentensi polepole. Kuna shosho mmoja alikuwa ameketi nyuma yetu akichambua sukuma, kisu kikasimama.

Halafu mama anawasha moto na kutoka kwa cheche wanaruka vijitu vidogo, mmoja wao anaitwa Malik Tintilinić, vinamchangamkia na kumpeleka kwa Stribor mwenyewe. Hapa ndio unapuliza jiko. Usitangaze, puliza tu, cheche zitoke na uache watoto waone wenyewe. Stribor anamwonyesha mama kijiji ndani ya mti mkubwa, ujana wake uko mle ndani, marafiki wanamngoja, aingie tu. Mama anakaribia lango, anauliza, na mtoto wangu? Stribor anamwambia mtoto hutamkumbuka, utarudi ujanani na yeye abaki huku. Nyamaza. Waulize watoto, angeingia ama asingeingia? Wape muda wabishane, msichana mmoja wa miaka 8 alisema aingie apumzike kwanza halafu atoroke. Ndio umalizie: mama anakataa, heri taabu akijua ana mtoto, na papo hapo msitu unafunguka, uchawi umeisha, mke anarudi kuwa nyoka.

Maneno yanasumbua kidogo. Vile vijitu kwa Kikroatia vinaitwa domaći, soma domachi, maana yake ni wa nyumbani, kwa hivyo sema Wanyumbani na uendelee. Usiseme majini! Nilisema majini mara ya kwanza na watoto wawili hawakulala, mzazi akaja kuniuliza nafundisha nini, na alikuwa na haki, juu hawa sio wa kutisha, ni wa kuchekesha. Tintilinić mwisho wake ni chi. Herufi j yao ni y yetu, kwa hivyo jina Kosjenka, utalikuta kwa ile hadithi ya jitu Regoč, ni Kosyenka. Theluji nayo wengi wameiona kwa picha tu, wakumbushe ile nyeupe juu ya Mlima Kenya, ama siku mvua ya mawe ilipopiga mabati mpaka uwanja ukawa mweupe, wakashika wakasikia vidole vikifa ganzi, sasa fikiria unatembea juu yake bila viatu.

Ila usihamishe hadithi. Kuna wenye wataniambia niite Karura badala ya msitu wa Stribor na nyoka awe wa Ngong, ati watoto waelewe. Wanaelewa. Mtoto wa Umoja anajua mama anayeteswa na anajua moto wa jiko, hivyo viwili vinamtosha kufika Kroatia. Ukimwondolea baridi umemwondolea uchungu wa yule mama kupanda mlima.

Picha sasa, hapa ndio penye kazi. Ile tafsiri ya 1922 ina michoro ya Vladimir Kirin, mizuri sana, na kosa langu kubwa lilikuwa kuwaonyesha kabla hawajachora. Wote kumi na wawili walijaribu kuiga, wakashindwa, wakafuta mpaka karatasi zikatoboka. Sasa nafanya kinyume: wanachora kwanza, usiku huo huo ama kesho yake asubuhi, Kirin anakuja mwisho kabisa. Nunua karatasi za manila, kata nusu, wape kreyoni na makaa yaliyopoa, naam makaa, yanachora usiku kuliko penseli yoyote. Gawanya hadithi kwa watoto, kila mmoja sehemu moja, na usimwambie mtu achore nini. Yule aliyepewa ulimi wa nyoka alichora mdomo umefungwa. Nilimuuliza ulimi uko wapi, akasema ameuficha. Singefikiria hivyo maisha yangu yote.

Kuunganisha ni rahisi, panga kurasa, toboa matundu matatu na msumari, shona na uzi wa gunia, maneno waandike wenyewe chini ya picha hata kama wamekosea. Kama kila mtoto anataka nakala, peleka fotokopi. Michoro ya Kirin usiichape kwa kitabu chako, alifariki 1963 na kule Kroatia ulinzi wa kazi ya msanii unaenda miaka 70 baada ya kifo. Mwandishi alifariki 1938, kwa hivyo hadithi yenyewe iko huru, simulia tu.

Wakimaliza wataitisha ingine. Ya mvuvi Palunko ni nzuri, mkewe ni bubu na ndiye shujaa. Ya Potjeh acha mpaka wafike miaka kumi hivi, ni ndefu na ina kifo. Regoč, lile jitu linalohesabu mawe, wataipenda sana, lakini ndani kuna mafuriko, vijiji viwili vinazama juu wazee walikataa kupatana na karibu wote wanaookoka ni watoto, kwa hivyo kabla hujaanza uliza wazazi nani hapo alipoteza nyumba ama mtu kwa yale mafuriko ya 2024. Kwetu walikuwa wawili. Mmoja alitaka kusikiza, mwingine tulimpeleka kwa jirani akachore kitu kingine.