Jinsi ya kubadili yuniti na kuandika tarakimu muhimu kwenye hesabu za kemia

Wengi wanaopoteza maksi kwenye hesabu za kemia, kemia yenyewe wanaijua, milinganyo wanabalansi vizuri, moli wanazielewa, ila mwisho wa swali wanaleta jibu lililozidi mara elfu au lenye desimali nane. Tatizo liko kwenye vitu viwili tu, yuniti na tarakimu muhimu, zile tunazoziita siginifikanti figa, na vyote viwili kalkuleta haivijui, ni kazi yako wewe.

Tuanze na yuniti. Acha kabisa ile ya kukariri "hapa nazidisha, hapa nagawa", siku ya mtihani utachanganya tu. Lita 1 ni mL 1000 si ndio, basi ukiandika 1 L / 1000 mL hiyo sehemu thamani yake ni moja, na kitu ukikizidisha kwa moja hakibadiliki, kinachobadilika ni yuniti peke yake. Kwahiyo yuniti unayotaka iondoke unaiweka chini, unayoitaka unaiweka juu: 25.0 mL × 1 L / 1000 mL, mL na mL zinakatana, inabaki 0.0250 L. Ukiigeuza kimakosa utabaki na mL² / L, na ukiona kitu kama hicho unajua palepale umekosea kabla hata hujabonyeza kalkuleta. Ndo maana nasisitiza andika yuniti kila mstari, kila mstari jamani, sio mwisho tu.

Panapoumiza watu ni yuniti zenye kipeo. Mita 1 ni sentimita 100, lakini mita moja ya ujazo sio sentimita za ujazo 100, ni 1,000,000, kwasababu ile 100 inaenda kipeo cha tatu pamoja na yuniti yake. Chukua densiti ya zebaki, 13.6 g/cm³, unataka kg/m³. Zidisha kwa 1 kg / 1000 g, halafu zidisha kwa 100 cm / 1 m mara tatu, gramu zinakatana, cm³ zinakatana, unapata 1.36 × 10⁴ kg/m³. Na usisahau cm³ 1 ni sawasawa na mL 1, hiyo itakuokoa mara nyingi sana.

Jotoridi lenyewe ni tofauti, hapo unajumlisha, Kelvini = Selsiasi + 273.15. Ila kama swali linaongelea mabadiliko ya jotoridi, mfano maji yamepanda nyuzi 5, basi ni Kelvini 5 hizohizo, usijumlishe kitu.

Na asikudanganye mtu kwamba hii ni mambo ya darasani tu. Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa angani huko Kanada, kwasababu kwenye kubadili lita kuwa kilo walitumia 1.77, ambayo ni paundi kwa lita, wakati kilo kwa lita ni kama 0.8. Marubani waliitelezesha bila injini mpaka Gimli na hakuna aliyekufa, lakini kosa ni lilelile la kuandika namba bila kuangalia yuniti yake.

Sasa tarakimu muhimu. Hizi zinasema kifaa chako kiliona mpaka wapi. Bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia ujazo, yenye mistari ya 0.1 mL unaisoma mpaka desimali ya pili kwa kukadiria katikati ya mistari, kwahiyo andika 18.30 mL, usiandike 18.3, ile sifuri umeiona kwa macho yako, ni kipimo.

Sifuri ndo zinasumbua. Za mwanzo hazihesabiwi, 0.0025 ina mbili. Za katikati zinahesabiwa, 2005 ina nne. Za mwisho baada ya desimali zinahesabiwa, 2.500 ina nne. Ila 2500 bila desimali haieleweki ni mbili, tatu au nne, hapo tumia 2.50 × 10³ mambo yaishe.

Kuzidisha na kugawa, jibu linafuata kipimo chenye tarakimu muhimu chache zaidi. Mfano 0.0250 L × 0.100 mol/L = 0.00250 mol ya NaOH, zidisha kwa 40.00 g/mol, yaani uzito wa moli moja, kalkuleta itakuonyesha 0.1 tu maana sifuri za mwisho inazitupa, wewe andika 0.100 g.

Kujumlisha na kutoa ni sheria nyingine, unaangalia desimali, sio idadi ya tarakimu. Na kutoa kuna hatari ambayo wengi hawaioni: bika yenye chumvi 25.43 g, toa bika tupu 25.18 g, inabaki 0.25 g. Ulianza na tarakimu nne umebaki na mbili! Ukigawa kwa 58.44 g/mol unapata 0.0043 mol, huna haki ya kuandika 0.004278. Ukitaka jibu zuri zaidi kwa mizani ileile pima chumvi nyingi zaidi, ukipata mfano 2.50 g tayari una tatu.

Namba kamili, yaani zile zisizo na shaka ya kipimo hata kama zina desimali, hazipunguzi tarakimu muhimu za jibu, kama mL 1000 za kwenye lita, au inchi 1 = 2.54 cm, au atomu 2 za haidrojeni kwenye maji. Namba ya Avogadro nayo tangu 2019 imewekwa kamili, 6.02214076 × 10²³, ila ukiikata ukaandika 6.02 basi umeipunguza mwenyewe. Na kuraundi ni mwisho tu, katikati acha namba ndefu ndani ya kalkuleta, ukiraundi kila hatua jibu linahama taratibu.

Mwisho pH, kile kipimo cha uasidi ambacho ni logi hasi ya ukolezi wa H⁺, hii inaachwaga sana. Kwenye logi zinazohesabiwa ni desimali peke yake, namba ya mbele inatokana na kipeo cha kumi tu. Kwahiyo H⁺ ikiwa 2.5 × 10⁻³ M (M ni mol/L), yaani tarakimu mbili, pH ni 2.60, desimali mbili, sio 2.6 na wala sio 2.602.