Skrini Kuzimika Katikati ya Gemu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kadi Mpya

Kompyuta inayoandika barua na kuonyesha video siku nzima bila tatizo, kisha ikazima skrini dakika kumi baada ya gemu kuanza, humfanya mwenye nayo aamini upesi kwamba kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za skrini, imekufa. Mara nyingi haijafa. Gemu hudai umeme mwingi na kuzalisha joto jingi kuliko kazi nyingine za kawaida, kwa hiyo udhaifu uliojificha katika pawa saplai (kisanduku kinacholisha kompyuta umeme), feni, kebo au draiva (programu inayoiendesha kadi) hujitokeza hapo. Inaniuma kumwona mtu akitumia akiba ya miezi mingi kununua kadi nyingine, halafu skrini ikazimika vilevile usiku wa kwanza.

Skrini inapokuwa nyeusi, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Sikiliza kama sauti ya gemu inaendelea, kisha bonyeza Caps Lock uone kama taa yake inaitikia. Ikiwa kompyuta yote imezimika au imejiwasha upya, shuku umeme au joto. Ikiwa kompyuta iko hai lakini haina picha, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, vitufe ambavyo huianzisha upya draiva ya grafiki. Picha ikirudi, shuku draiva au kadi yenyewe. Ikirudi tu baada ya kuchomoa kebo na kuichomeka tena, shuku kebo au monita. Na ikiwa skrini huzimika papo hapo gemu linapofunguka, kabla ya mzigo wowote, huenda gemu limeomba mpangilio ambao monita haiuwezi. Weka herzi 60, yaani picha ijichore upya mara 60 kwa sekunde, au ulifungue gemu ndani ya dirisha.

Windows nayo huweka kumbukumbu. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoorodhesha matukio, nenda kwenye kumbukumbu za System, utazame saa ileile tatizo lilipotokea. Namba 4101 ina maana kwamba draiva ilikwama ikaanzishwa upya, kwani kwa kawaida Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu. Namba 41 ya Kernel-Power ina maana kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Haimtaji mkosaji, ila inakuelekeza kwenye umeme.

Sasa fanya jaribio ambalo mimi nalithamini kuliko mengine yote, kwa kuwa halina gharama. Katika mipangilio ya gemu, weka kikomo cha fremu (picha) 60 kwa sekunde, au tumia programu ya MSI Afterburner kushusha kiwango cha umeme wa kadi hadi asilimia 70. Cheza kwa muda uleule uliozoea kuona tatizo. Skrini isipozimika, umejua kwamba kinachoshindwa ni kubeba mzigo, na kilichobaki ni kutenganisha joto na umeme.

Joto hupimwa kirahisi: Task Manager ya Windows 10 na 11 huonyesha nyuzi joto za kadi nyingi, na programu ya GPU-Z huonyesha zaidi. Kadi inayopanda polepole ikapita nyuzi 90 kabla ya kuzimika inahitaji kusafishwa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa vumbi kwa brashi laini au kwa bloa huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi na unyevu hulifanya vumbi ligande na kuleta kutu kwenye viunganishi, kwa hiyo vikague navyo. Kadi ya miaka mingi huenda ikahitaji pesti mpya ya kupitishia joto.

Nyuzi zikiwa za kawaida na kompyuta bado inazimika ghafla, geukia pawa saplai. Hapa ndipo penye makosa mengi, hasa kwa wanaonunua kompyuta za ofisi zilizotumika, zile nyembamba, ambazo nyingi zina pawa saplai ya takriban wati 240, kisha wakaongeza kadi ya gemu. Nafasi ya kadi kwenye ubao mkuu hutoa hadi wati 75. Waya wa pini 6 huongeza 75, na wa pini 8 huongeza 150. Kadi yenye tundu la pini 8 isilishwe kwa adapta iliyounganishwa na waya wa diski, kwani waya huo unaweza kupata moto na kuyeyuka. Azima pawa saplai inayotosha kwa fundi unayemwamini ujaribu kwa jioni moja. Usiifungue ile ya zamani hata ikiwa imechomolewa, kwa maana kapasita zake huhifadhi umeme unaoweza kuua.

Umeme wa ukutani ukiyumba, taa zikififia jokofu linapowaka, pata UPS (kifaa chenye betri ya akiba) yenye kudhibiti volti, uihakikishe inamudu wati za kompyuta ikiwa kwenye gemu.

Draiva iondoe kabisa kwa programu ya DDU (Display Driver Uninstaller) ukiwa katika hali salama ya Windows (Safe Mode), kisha weka toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, rudi kwenye toleo lililotangulia. Ondoa pia ongezeko lolote la kasi uliloliweka kwenye kadi au kwenye RAM.

Yote yakishindikana, ihamishie kadi kwenye kompyuta ya rafiki ambayo haina tatizo. Ikizimika huko pia, kadi ndiyo mbovu.