Kabla Hujamvika Mtoto Miwani ya Uhalisia Pepe

Usiku wa kuamkia siku ile nilimfulia mwanangu fulana yake nzuri, nikaona tumejiandaa. Tulikuwa tumeambiwa kuna wageni watakuja kuwafanyisha watoto mazoezi kwa miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho yote mtoto akajiona yumo baharini katikati ya samaki. Alivikwa. Dakika chache baadaye akapauka, akapiga miayo, akatapika. Ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo, na hasemi kwa maneno. Sikuulizwa chochote kumhusu, na mimi sikujua la kuuliza. Wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, haya ndiyo ninayotaka muende nayo mkononi.

Anza na degedege. Katika kila watoto wanne wenye mtindio wa ubongo, mmoja hivi ana kifafa. Jeraha lilelile la ubongo linalokakamaza misuli, liwe limetokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo au malaria iliyopanda kichwani, linaweza pia kuleta degedege. Wapo ambao degedege yao huchochewa na mwanga unaomulika harakaharaka, ndiyo maana miongozo ya usalama wa picha za skrini haitaki mimweko inayozidi 3 kwa sekunde moja. Kwa hiyo mwambie daktari anayemtibu kifafa kabla hujakubali lolote, kisha omba uuone mchezo wenyewe wewe mwanzo hadi mwisho. Kama mtoto anatumia dawa, isikosekane hata dozi moja. Nalisisitiza hili kwa wanaotoka mbali: ukiamka alfajiri kuwahi basi la Newala kuja Mtwara mjini, dozi ya asubuhi ndiyo inayosahaulika, na kukatisha usingizi nako huchochea degedege. Aliyeanguka kifafa juzi, au aliyebadilishiwa dawa wiki hii, abaki nyumbani. Miwani itakuwepo siku nyingine.

Halafu shingo. Miwani hii ina uzito wa karibu nusu kilo, na mwingi wake unakaa mbele ya uso. Mtoto ambaye kichwa chake bado kinaanguka akichoka hapaswi kubebeshwa mzigo huo. Umri nao una mpaka wake kwa kila kampuni inayotengeneza miwani: Meta huruhusu kuanzia miaka 10, Sony miaka 12, na lenzi zimetengenezwa kwa umbali uliopo kati ya macho mawili ya mtu mzima, si ya mtoto mdogo. Lakini mdogo hajafungiwa mlango. Michezo mingi ya mazoezi hufanyika mbele ya televisheni yenye kamera inayofuata mkono wa mtoto, bila kumvika kitu kichwani, na kwa wengi wa watoto wetu naiona hiyo ndiyo njia ya kuanzia.

Macho yapimwe. Makengeza ni mengi kwa watoto hawa, na wapo ambao jicho ni zima ila ubongo ndio usiosoma kinachoonekana. Miwani hutegemea macho mawili yafanye kazi pamoja. Yasipofanya, mtoto anaona ukungu na kizunguzungu, sisi tunasema ni mkaidi.

Jambo ambalo ningelipigania kuliko yote ni ishara ya kuacha. Mtoto asiyesema, ukishamfunika macho, umemchukulia na uso wako aliokuwa akiutumia kukueleza. Mchague ishara moja mnayoielewa nyote, kunyanyua kidole, kugonga meza, kutoa sauti fulani, na muizoee nyumbani kwa siku kadhaa: mfunike macho kwa kanga huku mnacheza, akitoa ishara tu, kanga inatoka hapo hapo, bila kubembelezana. Akiamini kwamba ishara yake inatiiwa, ndipo mvikeni kofia, kisha kitu kizito kidogo. Msimamizi afundishwe ishara hiyo. Mwambie pia kwamba kupauka, jasho la ghafla, miayo na ukimya usio wa kawaida vinatosha kuvua, hata ishara isipotoka. Mara ya kwanza dakika 5 ni nyingi.

Kabla ya hapo, uliza lengo. Sifa ya uhalisia pepe ni kwamba mtoto anarudia kunyoosha mkono mara mia bila kuona adha, na kurudia ndiko kunakoufundisha ubongo. Uhalisia pepe haurefushi msuli uliofupika wala hauponyi mtindio wa ubongo. Basi sema unataka nini: mkono wa kushoto ufikie kikombe, kwa mfano. Mtaalamu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo) au wa tiba kwa vitendo (shughuli za kila siku kama kula na kuvaa) akishindwa kukueleza mchezo huo unaingiaje kwenye kikombe, hiyo ni burudani. Burudani si vibaya, ila usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Mkao wake akicheza: miguu ikanyage, nyonga zirudi nyuma, meza iwe mbele. Fundi seremala wa mtaani anaweza kuchonga kiti cha kona, chenye mgongo unaomshika mtoto pande zote mbili, akipewa vipimo na mtaalamu.

Kuhusu tiba ya hisia, yaani kumzoeza mtoto kugusa, kuona na kusikia vitu mbalimbali, wengi huoneshwa picha za chumba chenye taa za rangi na viputo vya maji. Vyumba hivyo vilianzia Uholanzi miaka ya 1970, vikiitwa Snoezelen, jina lililounganishwa na maneno ya kunusa na kusinzia. Humtuliza mtoto, na utulivu ni kitu kikubwa kwa anayekakamaa akishtuka. Tusitarajie kwamba vitamfanya atembee. Na hisia zenyewe tunazo hapa: mchanga wa ufukweni Mikindani, ukili, kifuu cha nazi, maji ya vuguvugu kwenye beseni. Anza na mkono, usianze na uso. Mguse kwa nguvu kidogo iliyotulia, maana mguso mwepesi huwachukiza wengi. Punje ndogo kama kunde zisiwe karibu na mtoto anayepaliwa. Na msimu wa korosho ukifika, usimpe beseni la korosho zenye maganda achezee. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kila aliyebangua anayajua, na mtoto huyu akiungua vidole hataweza kukuambia.

Siku yenyewe, beba dawa, kanga, nguo ya kubadilisha, maji. Kwa joto letu sponji ya miwani hulowa jasho, kwa hiyo ifutwe kila mtoto anapobadilika, na mwenye macho mekundu asivikwe. Isiachwe barazani lenzi zikitazama jua, kwani mionzi huunguza skrini ndani. Uliza betri ikoje, umeme ukikatika mchezo usije ukazimika ghafla usoni mwake.

Mkimaliza, msikimbilie bajaji. Mlaze au mkalishe kivulini hadi kizunguzungu kiishe, kisha andika kwenye daftari alivikwa dakika ngapi, mchezo gani, alitoa ishara saa ngapi, na usiku huo alilalaje. Daftari hilo mpe mtaalamu kabla ya kukubali mara ya pili.